Shemeji Yangu Fundi na Maji ya Figo

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tatu. Hapana, nisianze kwa uongo. Mwaka wa tatu binti yangu wa mwisho alikuwa hajaanza shule, na sare yake ya kwanza aliishona shemeji kwa mikono yake, akiwa mzima, akipiga mluzi. Basi uwe mwaka wa tano. Mke wangu, ambaye ni dada wa marehemu, anasema ni wa sita, lakini yeye huhesabu miaka kwa misiba na mimi nahesabu kwa sare za watoto. Tuuache uwe wa tano.

Nataka kueleza habari za huyo shemeji, kaka wa mke wangu, mtu aliyeitwa Fundi na mji mzima mpaka jina lake la kuzaliwa likaliwa na kutu. Siku ya kumzika, aliyekuwa akiandika kibao alituuliza, "Marehemu anaitwa nani?" Tukatazamana wanaume sita, hakuna aliyekuwa nalo. Ilibidi mmoja aende kwa mjane kuuliza, na mjane kwa kilio chake chote akacheka kidogo.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye mlango wa bati uliolalamika kila ukifunguliwa. Ndani mlikuwa na cherehani ya miguu iliyochujuka rangi lakini ikinguruma vizuri kama paka aliyeshiba, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na misumari ukutani yenye nguo zinazowasubiri wenyewe. Futi ya kupimia ilikaa shingoni mwake tangu kufungua mpaka kufunga. Nilipokwenda kuposa kwao, kabla hata sijapewa kiti, alinizungushia ile futi kiunoni mbele ya wazee.

"Ishirini na nane na nusu," akatangaza. "Dada, huyu anakuja kuoa au anakuja kula?"

Wazee wakavunjika mbavu. Mimi nikasema, "Nimekuja kwa yote mawili, shemeji." Akanipenda tangu siku hiyo, na utani wetu haukukatika miaka ishirini na tatu.

Alikuwa mtu wa vipimo. Wengine husema "kama hivi" au "karibu na pale." Yeye alisema inchi tatu na robo. Kwa sare za shule alikuwa na siri: ndani ya kila gauni na kila suruali aliacha pindo nene, amelikunja mara tatu, asimwambie mzazi. Mwaka wa pili mzazi anakuja na uso mrefu, mtoto amerefuka, bei ya kitambaa haishikiki. Fundi anafumua pindo palepale mlangoni, anapiga pasi, anamrudishia nguo inayomtosha. "Mtoto anarefuka kimyakimya," alikuwa akisema, "na mimi nilishona kimyakimya."

Shule hatukwenda mbali, yeye wala mimi. Mimi niliishia darasa la nne, yeye la tano, na mwaka huo mmoja alinisimanga nao maisha yake yote. Kusoma hasa alijifunzia kwenye vitu vya kazi: maboksi ya vifungo, karatasi za nyuzi, maandishi ya ukingoni mwa majora. Uzi ukiandikwa namba arobaini, ukiuvuta ni arobaini kweli. Jora likiandikwa yadi thelathini, ukilikunjua ni thelathini. Watu walimdanganya mara nyingi, walichukua nguo wakaahidi kurudi, lakini karatasi haikumdanganya hata siku moja. Naomba anayesoma aliweke hilo moyoni. Bila hilo atamwona shemeji yangu mjinga, na mjinga hakuwa.

Sasa nijitie mimi ndani ya habari, maana bila mimi isingekuwepo.

Wakati huo nilikuwa nikisukuma mkokoteni wa maji ya chupa. Kiwanda chenyewe kilikuwa nyuma ya gereji moja: kisima, mitambo miwili ya kuchujia, na meza ndefu ambapo kina mama sita walibandika lebo kwa brashi na gundi, chupa moja baada ya nyingine. Mwenye kiwanda tulimwita Tajiri, ingawa suruali zake alizitia viraka kwa shemeji. Maji yalikuwa safi, hilo siwezi kulikana. Mpaka leo sijanywa maji matamu kama yale.

Siku moja jua limewaka na watu hawanunui, niko nje ya lango la hospitali kubwa, nikafungua mdomo tu maneno yakatoka: "Maji yanayoosha figo haya! Yanaosha figo kama sufuria!" Sikuyafikiria. Figo zenyewe sikujua zimekaa upande gani wa mwili. Lakini watu walicheka, na anayecheka hununua. Kufika saa saba mkokoteni ulikuwa mtupu.

Basi nikawa na wimbo wangu. Shemeji alipita pale siku moja na furushi la vitambaa begani, akasimama kunisikiliza mikono kiunoni.

"Shemeji, unaosha figo za mji mzima, na za kwako?"

"Za kwangu safi. Tangu nioe kwenu sijaona nyama, zitachafuliwa na nini?"

"Muongo mkubwa wewe," akasema, akacheka mpaka furushi likadondoka. Nakumbuka alivyoinama kuokota. Alikuwa anainama vizuri wakati huo, bila kushika magoti.

Habari za wimbo zikamfikia Tajiri. Akaniita ofisini, akafunga mlango. "Hebu rudia unavyosema pale langoni." Nikarudia, kwa aibu, nikidhani nafukuzwa. Akaandika kwenye karatasi. "Ya sufuria tuiondoe," akasema, "haina heshima."

Baada ya mwezi mmoja lebo mpya zikaja, za bluu, kwa herufi kubwa: HUSAFISHA FIGO. TIBA KATIKA KILA TONE. Nikasimama nazo mkononi kama baba aliyepewa mtoto ashike. Mimi wa darasa la nne, maneno yangu yamechapishwa! Na pembeni yake ilikuwepo nembo ya ubora ya serikali.

Hapa nieleze kidogo. Nembo ile kiwanda kiliipata kihalali. Watu wa serikali walikuja mwaka wa nyuma yake, wakachota maji, wakayapima, wakakuta hayana vijidudu wala chumvi iliyozidi. Walipima maji. Maneno hayakuwepo siku hiyo. Lakini kwenye lebo mpya nembo na maneno vilikaa bega kwa bega kama bwana na bibi harusi, na mgeni wa mbali atajuaje kwamba mmoja wao hakuozeshwa?

Tajiri akanitoa kwenye mkokoteni, akanipa ufunguo wa stoo ya lebo, chupa na vifuniko. Kazi ya kivulini, kiti chenye mgongo. Mke wangu akaanza kuniita "bosi," kwa dhihaka lakini si kwa dhihaka tupu.

Ilipita kama miezi minane. Shemeji akaanza kuvimba miguu. Alikuwa na presha ya siku nyingi, vidonge akimeza akikumbuka. Akaenda hospitali, wakampima, daktari akamwambia figo zimechoka, hazitoi maji mwilini kama zamani. Akampa vidonge vingine, na akampa kipimo: kila kinywaji kitakachopita mdomoni, maji, chai, mchuzi, uji, vyote kwa pamoja visizidi lita moja kwa siku.

Ukimpa Fundi kipimo umempa kazi anayoipenda. Alichukua jagi la plastiki, akatia lita moja kamili, akalifunga uzi mwekundu pale maji yalipofikia. Kila asubuhi analijaza mpaka usawa wa uzi. Akinywa kikombe cha chai, anamwaga kikombe kimoja kutoka kwenye jagi. Akila mchuzi, anamwaga kiasi cha mchuzi. Kilichobaki ndicho cha kunywa mpaka kulala. Mke wake aliniambia, "Shemeji, tukipika kitu chepesi anakizungukia kama anakishonea suti."

Nilimtembelea Jumapili moja. Alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona, amepumzika tu. Mezani palikuwa na jagi na uzi wake. Kando ya jagi palikuwa na chupa yetu, ile kubwa ya lita moja na nusu, imekwisha nusu.

"Shemeji," nikasema, "na hii je?"

"Hiyo dawa."

"Si maji?"

"Hebu soma. Au darasa la nne hawakufika kwenye herufi kubwa?" Akaweka kidole chake chenye alama za sindano kwenye lebo, akasoma polepole kama mwalimu. "Hu-sa-fi-sha fi-go. Ti-ba. Daktari kaniwekea kipimo cha maji. Tiba hakuiwekea kipimo. Wewe ukinywa dawa ya kikohozi unaihesabu kwenye maji yako ya kunywa?"

Nikaigeuza chupa mkononi.

"Tena nikuombe radhi," akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya kweli, haikuwa ya utani. "Ulipokuwa unapiga kelele langoni nilikuita muongo. Kumbe mwenzangu ulikuwa unasema kitu. Wakubwa wakaenda wakapima, wakagonga na nembo. Nisamehe, shemeji."

Nikafungua mdomo. Mke wake akaingia na chai, akamimina, shemeji akanyanyua jagi akamwaga kikombe chake dirishani kwa uangalifu mkubwa, akirudisha tone lililozidi. Nikafunga mdomo, nikanywa chai yangu.

Nitasema nilivyojiambia njiani, na anayetaka kunicheka anicheke. Nilijua kwamba si dawa. Lakini nikasema, kama si dawa basi ni maji, na maji yamemdhuru nani tangu dunia iumbwe? Mtu mgonjwa ana kitu cha kumtia moyo, nimnyang'anye kwa nini? Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Baada ya wiki tatu akaja mkaguzi.

Alikuwa mama wa makamo, viatu bapa, mfuko wa kitambaa, mwenye sauti ya chini ambayo ilikufanya usogee ili usikie. Katika mfuko mlikuwa na chupa yetu aliyoinunua dukani na risiti yake. Akaiweka mezani kwa Tajiri. Mimi nilikuwa nimeitwa nilete daftari la stoo, nikabaki nimesimama mlangoni.

"Bwana, naomba unisaidie," akasema. "Hiki ni nini?"

"Maji, mama."

"Nimeuliza kwa sababu hapa pameandikwa tiba. Kama ni dawa, nipe namba ya usajili wa dawa, niangalie majaribio yake. Kama ni maji, andika maji."

Tajiri akatabasamu tabasamu lake la kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mama yangu, si hata watoto wa shule wanafundishwa kunywa maji ni afya ya figo? Sisi tumeongeza nini?"

"Mtu mzima wa afya, ndiyo, anywe. Sikatai. Lakini kanuni inasema maji ya kuuza hayawezi kudai kutibu, kukinga wala kuponya ugonjwa. Na kanuni hiyo haikutoka hewani." Akaigeuza chupa ili maandishi yamtazame Tajiri. "Kuna wagonjwa ambao figo zao hazitoi tena. Hao wamepunguziwa maji na daktari. Wakizidisha, maji yanakaa mwilini, yanajaa miguuni, yanapanda kwenye mapafu. Mtu anazama akiwa nchi kavu, bwana. Na nani unadhani anayekimbilia chupa iliyoandikwa figo? Mzima?"

Nikaona jagi, nikaona uzi mwekundu, nikaona kile kidole chenye alama za sindano.

Tajiri aliona mama hapindiki, akabadilisha wimbo. Akasema sawa, maneno yataondolewa, lakini lebo zilizokwisha kuchapwa ni nyingi, kuzitupa ni kukiua kiwanda, na kina mama sita pale nje wana watoto. Mkaguzi akasema anaruhusiwa kutoa muda wa kumaliza akiba iliyopo, ila isichapwe mpya hata moja. "Zimebaki ngapi?"

"Mtunza stoo huyo hapo," akasema Tajiri, akanitazama. Hakunikonyeza. Hakuhitaji.

Zilikuwa zimebaki mabunda saba. Nilikuwa nimeyahesabu asubuhi ileile. Kila bunda lina lebo elfu moja, na kwa siku kina mama walibandika mia tano. Siku kumi na nne.

"Mabunda arobaini na tano," nikasema, daftari nimelibana kwapani.

Mpaka leo sijui vizuri ni nani aliyenijibia. Nilikuwa nimemwogopa Tajiri, ni kweli. Nilikuwa nawaza pia kwamba maneno ndiyo yaliyonipa kiti chenye mgongo, na maneno yakiondoka na kiti kitaondoka. Na kulikuwa na jambo jingine dogo la aibu: yalikuwa yangu. Maneno pekee niliyowahi kuyaona yamechapishwa.

Mkaguzi akauliza bunda lina lebo ngapi na kwa siku zinabandikwa ngapi, akapiga hesabu ukingoni mwa karatasi yake. "Siku tisini." Kisha akainua macho. "Naweza kuyaona?"

Nikatoa ufunguo mfukoni, nikaushika. "Yako juu ya rafu, mama, na ngazi yetu mbovu."

Akanitazama kidogo. "Wewe ni mtu mzima, baba," akasema. "Sitakupandisha ngazi mbovu kwa ajili ya kuhesabu karatasi. Nakuamini." Akaandika barua, akagonga muhuri, akatia chupa yake mfukoni, akaaga kila mmoja wetu, hata kina mama wa meza ya gundi. Wiki hiyohiyo Tajiri akachapisha nyingine elfu thelathini na nane, kukamilisha uongo wangu.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Fundi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, nimeyahesabu kama vifungo. Nikamkuta anashona kwa kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, maana miguu ilikuwa haikanyagi tena. Viatu alikuwa amevipasua kwa mkasi ili viingie.

"Kiuno kinaendeleaje, bosi?" akasema. "Njoo nikupime, naona stoo inakunenepesha."

"Shemeji, sikiliza. Jana serikali imekuja kiwandani. Wamesema yale maneno ya figo yaondolewe."

Akasimamisha gurudumu. "Yaondolewe? Kwa nini?"

"Wanasema si tiba. Na wanasema mtu mwenye figo mbovu, maji yenyewe yanaweza kumdhuru."

"Lini yanaondolewa?"

"Baada ya siku tisini."

Akanitazama, kisha akaanza kucheka. Pumzi ilikuwa fupi, kicheko kikakatikakatika. "Siku tisini! Shemeji, hebu tumia lile darasa la nne. Nyumba ikiungua, unaambiwa uzime baada ya miezi mitatu? Mtu akikuta sumu kwenye chungu, anakwambia endelea kupakua, tutamwaga msimu ujao? Kitu kingekuwa kibaya wangekikusanya jana ileile. Hayo ni mambo yao ya ofisini, wamegombana wakubwa kwa wakubwa."

"Hapana, shemeji, yule mama alieleza..."

"Alieleza, halafu akatoa siku tisini. Mimi nasikiliza anachofanya mtu." Akarudi kwenye gurudumu lake. "Ila nifanyie hisani moja. Kabla hawajaondoa, niwekee katoni mbili."

Pale ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningeweza kusema: shemeji, zile siku ni zangu, nimezitoa mdomoni mwangu, haki yake zilikuwa kumi na nne. Ningeweza kusema: serikali haikupima maneno, ilipima maji, maneno niliyatunga mimi kwenye jua nikitaka kuuza. Sentensi mbili tu. Nilikuwa nimezipanga. Lakini mtu aliyeniomba radhi kwa kuniita muongo, nimwambieje kwamba alikuwa sahihi?

Nikampelekea katoni mbili. Nilizibeba mwenyewe begani.

Wiki ya saba alishindwa kulala chali. Wiki ya nane tulimpeleka hospitali, akiwa amekaa wima, akiivuta hewa kidogo kidogo kama anayevuta uzi uliokwama. Daktari, kijana mpole aliyechoka, akamuuliza, "Mzee, unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Lita moja. Haijawahi kuvuka uzi."

"Uzi gani?"

Mke wake akaeleza uzi. Daktari akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema wagonjwa wote wangekuwa hivyo kazi ingekuwa nyepesi. Akaandika. Akatazama ile miguu, akatazama alichoandika, akakunja uso kwa sababu havikukubaliana.

"Kuna na nyingine," nikasema.

Wote wakanigeukia. Mke wangu alikuwepo, ameshika kanga ya wifi yake. Nikasema kuna chupa ya lita moja na nusu, kila siku, nje ya uzi, kwa miezi mitatu sasa. Daktari akaweka kalamu chini. Hakuuliza tena. Akatoka haraka kuita watu wa mashine ya kusafishia damu, na tukasikia viatu vyake vikikimbia kwenye korido.

Tukabaki. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. "Shemeji, yale maneno kwenye chupa niliyatunga mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuwepo langoni. Lakini wakubwa waliyapima."

"Hawakuyapima. Walipima maji tu. Na zile siku tisini, nilisema uongo mimi. Zilikuwa kumi na nne."

Akanyoosha mkono kama anatafuta futi shingoni, hakuikuta, walikuwa wamemvua.

"Nguo ikikosewa kipimo hufumuliwa," akasema mwishowe, polepole. "Hii tutaifumulia wapi, shemeji?"

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa kifupi, kwa kumsikitikia, akifikiria kama kuna namna.

Mashine ilimsaidia siku chache, hata akataniana na wauguzi. Kisha moyo ukachoka. Alifariki siku ya sabini na moja ya zile tisini.

Mke wangu hakunigombeza. Siku ya tatu ya msiba nilimkuta dukani kwa kaka yake, anatoa nguo kwenye misumari ili wenyewe wakabidhiwe. Alikuwa na gauni moja la shule mkononi, amelipindua, anatazama lile pindo nene la ndani. Nikamwita kwa jina. Akasema, "Nipishe mlangoni, nataka mwanga." Tumekaa pamoja miaka mingi baada ya hapo, tumeozesha watoto, na jambo hilo hatujalizungumza.

Kiwanda kiliondoa maneno siku ya tisini kama barua ilivyosema. Wateja wakawa wanauliza, "Yale ya figo yako wapi? Haya ya kawaida sitaki." Mimi nilikuwa nimekwisha kurudisha ufunguo.

Baadaye, labda mwaka mmoja, labda miwili, nilikwenda kwenye ofisi ya wakaguzi. Ni jengo la ghorofa tatu, lifti haifanyi kazi, nikapanda kwa ngazi nikipumzika kila kona. Nilitaka kumwona yule mama. Karani wa dirishani akaniambia amehamishwa, mkoa wa mbali, kama nina shida niandike barua, itamfuata. Akanipa karatasi.

"Ni malalamiko au ni maombi, mzee?"

"Ni swali."

"Swali halina fomu. Basi andika tu juu, Kwa Anayehusika."

Nikaandika pale pale kaunta, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, watu nyuma yangu wakikohoa kunihimiza. Nilieleza mimi ni nani, kiwanda gani, mabunda mangapi yalikuwepo kweli. Karani akagonga muhuri wa kupokelewa, akaitupia kwenye trei iliyojaa. Nimebadilisha nyumba mara moja tu tangu hapo, na nilikwenda kuwaachia anwani mpya, jibu lisije likanipotea. Mwisho wa barua niliandika hivi: Mama, kama siku ile ningekwambia mabunda ni saba, ungetupa siku kumi na nne, au ungesema lebo zile zikusanywe zote leo leo?